Msafara wa baiskeli huhesabiwa kwa mtu wa mwisho

Wiki iliyopita dada mmoja anayeishi Maryland aliniandikia akitaka kujua kama inafaa ajiunge na msafara wetu wa baiskeli wa siku za Jumamosi, ilhali anajijua kuwa hana mbio na baiskeli yake ni nzito. Nilimjibu kwa kifupi kwamba aje. Baadaye nikaona kwamba swali lake ni la wengi wetu tunaoishi huku, tunaotamani kujenga afya na kupata watu wa kuzungumza nao Kiswahili, na kwamba jibu kamili linanidai nieleze jambo ambalo sijawahi kulisema hadharani.

Mimi ni mzaliwa wa Tabora, na nilijifunza kuendesha Phoenix ya baba kabla sijaweza kuikalia, nikipenyeza mguu mmoja chini ya bomba la juu. Kwa hiyo Oktoba ya mwaka juzi, nilipoalikwa na kikundi kimoja cha hapa kaskazini mwa Virginia, sikuwa na wasiwasi wowote. Tulikutana Vienna, kwenye lile behewa jekundu lililohifadhiwa kando ya njia ya baiskeli iitwayo W&OD, tukiwa watu 11, na azma yetu ilikuwa kufika Leesburg na kurudi, mwendo wa kilomita 70 hivi. Baridi ilikuwa ya nyuzi 8, anga limetakata, na miti ya pande zote mbili imegeuka rangi ya embe bivu. Majira haya tumezoea kuyatafsiri kuwa vuli, ingawa vuli ya Afrika Mashariki ni mvua na kuchipua, na hii ya huku ni majani kupukutika. Sijui asubuhi nzuri kuliko ile.

Njia hiyo ilikuwa reli hadi mwaka 1968, na kwa kuwa treni haiwezi kupanda mlima mkali, miinuko yake ni ya taratibu lakini mirefu, kiasi kwamba jicho haliioni ila paja linaihisi. Tulipoipita Herndon, walio mbele wakaongeza kasi. Anayekaa mgongoni mwa mwenzake hukingwa upepo, na mradi ameshikilia nafasi yake hupumzika huku akienda. Akiachwa kwa urefu wa baiskeli tatu au nne tu, sehemu kubwa ya upepo inakuwa yake, na kadiri anavyojitahidi ndivyo anavyozidi kuchoka. Nilikuwa nimetoka nyumbani na kikombe cha chai pekee. Niliachwa.

Karibu na Ashburn tairi la nyuma likapata pancha. Niliita kwa sauti, na hakuna aliyegeuka. Niliketi kwenye nyasi, nikavua tairi, nikapitisha kidole ndani yake polepole hadi kilipogusa kipande cha chupa kisichozidi punje ya mchele, vidole vikitetemeka kwa njaa na baridi. Tyubu niliyobeba ilikuwa ya gurudumu la inchi 26, na langu lilikuwa kubwa zaidi. Baada ya muda simu ikaleta ujumbe kwamba wenzangu wamekwisha kufika Leesburg na wanakula, nami niko wapi? Mzee mmoja aliyekuwa akipita, ambaye sikumjua na hakunijua, ndiye aliyesimama, akanipa kiraka na gundi, akanishikia gurudumu hadi nikamaliza kujaza upepo. Nilirudi Vienna peke yangu. Hadi leo nikipita pale Ashburn moyo huniuma, na sioni sababu ya kuficha hilo.

Sikuiacha baiskeli. Mwaka jana mimi na Watanzania wenzangu wanne tulianzisha msafara wetu wenyewe, na Jumamosi iliyopita tulikuwa watu 14, miongoni mwetu mama wa miaka 58 ambaye hakuwa amekanyaga pedali tangu alipokuwa shule ya msingi. Tulifika Leesburg sote kwa pamoja kabla ya saa saba mchana. Ninajivunia siku hiyo kuliko jambo lolote nililowahi kufanya juu ya baiskeli.

Ushauri wangu, basi, unaanzia nyuma. Anayeijua njia na kubeba vifaa ndiye anayepaswa kuwa wa mwisho, wala hapaswi kumpita mtu yeyote hata akichoshwa na mwendo. Katika kila makutano ya barabara, walio mbele wangoje. Hapa ndipo wengi hukosea: wenye kasi hupumzika wakimngoja mnyonge, na anapofika tu wao huondoka, ili yule aliyehitaji pumziko kuliko wote asilipate kamwe. Mngojeni afike, anywe maji, apumue, kisha yeye ndiye aseme twende. Kuleni kabla ya njaa, nusu ya ndizi au kipande cha kashata kila baada ya dakika 45. Majani yaliyolowa huteleza, kwa hiyo msifunge breki wala kukata kona juu yake. Na mngojeni wa mwisho. Hilo nitalirudia kila mara.

Ndugu zangu, sisi ni hodari wa kukusanyika kwenye misiba na harusi, tukachanga na kupika bila kuombwa, na hilo ni jema. Lakini mtu anayeachwa njiani Jumamosi mchana, katika jambo ambalo wengine wanaliona mchezo, hujifunza jinsi anavyothaminiwa, na mara nyingi harudi tena wala hasemi kwa nini. Kabla hujajisifu kwa kasi yako, geuka uhesabu watu. Kama umewahi kumwacha mtu, mpigie simu leo.

Nawe dada yangu wa Maryland, tunaondoka Jumamosi hii saa tatu asubuhi kutoka kwenye behewa jekundu. Soma namba zilizoandikwa ubavuni mwa tairi lako, ununue tyubu mbili zinazolingana nazo, uje na glavu na taa ya nyuma kwa sababu siku zimeanza kufupika. Kashata zitakuwapo.