Kitambaa cha Meza ya Maonyesho kwa Anayeuza Shaba na Malakiti

Mara ya kwanza nilipopata meza katika maonyesho ya kazi za mikono hapa Lubumbashi, nilitandika kitenge cha waksi ambacho mama mkubwa alinizawadia siku ya harusi yangu, chenye ndege wakubwa wa manjano juu ya rangi ya machungwa. Juu yake nilipanga bangili za shaba, sahani za shaba iliyofuliwa kwa nyundo na shanga za malakiti, lile jiwe la kijani lenye mistari, kisha nikakaa nikisubiri wateja. Kufikia saa sita mchana, watu wanne walikuwa wameniuliza swali moja: “Mama, hii kitenge ni bei gani?” Yule wa nne nilimtajia bei ya mzaha, naye akatoa pesa. Kwa kuwa asubuhi nzima nilikuwa nimeuza bangili mbili tu, niliondoa vitu vyangu kimoja kimoja, nikakikunja kitenge na kumkabidhi, kisha nikaendelea na biashara juu ya plastiki tupu yenye alama za duara za chupa za bia. Mchana ule niliuza kuliko asubuhi. Mama mkubwa hajaambiwa hadi leo.

Tangu siku hiyo sichagui kitambaa kwa kuangalia kitambaa. Nikienda kununua, iwe katika maduka ya mjini au katika soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, ninabeba mkobani bangili moja ya shaba, kamba moja ya shanga za malakiti na kipande cha kikapu, na kabla ya kuuliza bei ninavilaza juu ya jora. Kisha ninamwomba muuzaji aniruhusu kulileta jora mlangoni, kwa sababu taa za dukani huipa shaba rangi ambayo haitakuwa nayo uwanjani. Wapo wauzaji wanaonuna, na wapo wanaocheka, lakini sijawahi kufukuzwa. Ninarudi nyuma hatua tano au sita, ambao ndio umbali ambapo mpita njia huamua kama atasogea au ataendelea na safari yake, na ninajiuliza jicho langu limeona nini kwanza. Likiona kitambaa kwanza, ninalirudisha jora.

Jaribio hilo lilinifundisha jambo ambalo nisingeliamini kwa kuambiwa, yaani kwamba shaba na malakiti, ingawa vyote viwili vinatoka katika ardhi yetu hii moja, havikubaliani juu ya kitambaa kimoja. Shaba hupotea juu ya rangi nyekundu, ya machungwa na ya kahawia, na hung’aa juu ya rangi nzito isiyometameta. Malakiti nayo, ambayo kijani chake ni cha giza na ina mistari iliyokaribia weusi, huzama juu ya rangi nzito, na mistari ile ambayo ndiyo uzuri wake wote haionekani tena. Inataka rangi nyepesi, lakini si nyeupe kali, kwa kuwa nyeupe kali chini ya jua letu humfanya mteja akunje macho. Nilijaribu pia nyekundu chini ya malakiti, nikidhani vitapendezana. Vilipigana hadi nikaumwa na macho.

Suluhisho langu limekuwa kitambaa kimoja cha msingi cha pamba, cha kijivu kizito kinachokaribia rangi ya ule mlima wa mabaki ya shaba ulio karibu na bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini ya hapa, pamoja na vipande vya amerikani isiyopaushwa ambavyo ninaviweka juu yake mahali pa malakiti tu. Nina vipande vitatu, kila kimoja chenye upana wa sentimita 40 hivi. Mteja anaona meza moja, si duka la viraka, na kila bidhaa inapata mandhari inayoihitaji. Vinyago vya mti mweusi pia ninavihamishia kwenye amerikani.

Nyeusi ningeichagua kama ningekuwa nauza ndani ya jengo. Nje, wakati wa kiangazi, haifai. Kila mkazi wa mji huu analijua vumbi letu jekundu la kati ya Mei na Oktoba, na kila gari linalopita huacha sehemu yake mezani; juu ya nyeusi, nusu saa inatosha kukufanya uonekane mtu asiyejua usafi. Mahameli ni mbaya zaidi, kwa sababu vumbi huingia katikati ya manyoya yake na halitoki kwa kupanguswa kwa mkono. Kijivu kinachoelekea kidogo kwenye kahawia huvumilia hadi jioni.

Kuna pia suala la turubai unalokaa chini yake, na hili wengi hulisahau. Turubai la buluu humwaga mwanga wa buluu juu ya kila kitu, na chini yake shaba huonekana kama chuma kilichokufa, hata kitambaa kiwe kizuri namna gani. Kama turubai si lako, na huwezi kulibadilisha, sogeza meza mbele kiasi kwamba ukingo wake wa mbele upate mwanga wa kawaida, kisha weka shaba kwenye ukingo huo na vikapu nyuma.

Satini nataka niiseme kwa urefu, kwa kuwa ndiyo wanayoikimbilia wengi wanaotaka meza ionekane ya heshima. Niliinunua mwaka wangu wa pili, rangi ya krimu, ikinimaliza pesa nyingi kuliko nilivyopanga. Kwanza ilionyesha kila mkunjo, na pasi ya makaa ya moto mkali iliyeyusha kona moja, kwani satini ya bei yetu si hariri bali ni nyuzi za plastiki. Pili, ilikuwa inateleza. Shaba ni nzito, karibu mara tisa ya uzito wa maji kwa ujazo ule ule, na malakiti ni karibu mara nne; ukivilaza vitu kama hivyo juu ya kitambaa kinachoteleza, vinakivuta kidogo kidogo kuelekea upande wenye mzigo. Mtoto mmoja alipoegemea ukingo, yai la malakiti la ukubwa wa ngumi lilianza kusafiri. Niliona linavyokwenda, nikanyoosha mkono, nikachelewa. Malakiti si jiwe gumu kama watu wanavyodhani, na lile yai lilianguka kwenye saruji likawa vipande vitatu. Mama wa mtoto alitaka kulipa, nami nilikataa, kwa kuwa kosa lilikuwa la kitambaa, na kitambaa kilikuwa changu.

Sasa ninatumia pamba nzito yenye ufumaji unaokwaruza kidogo mkononi, na chini yake ninatandika blanketi kuukuu. Blanketi hufunika mifereji ya meza za plastiki, huzuia kitambaa kisitembee, na hupunguza kelele ya sahani za shaba zinapowekwa. Chini ya kila sahani ninaweka pia kipande kidogo cha ngozi au cha blanketi lile lile, kwa kuwa shaba ikilala juu ya pamba yenye unyevu huacha doa la kijani ambalo halitoki.

Kuhusu vipimo, meza ninazokodi zina urefu wa sentimita 180, upana wa 75 na kimo cha 75. Vitambaa vingi vya rangi moja ninavyovipata vina upana wa mita 1.50. Ukipiga hesabu haraka utasema kwamba 75 za juu na 75 za mbele zinatosha, na ni kweli zinatosha, ila hakuna kinachobaki cha kushikia upande wa nyuma, na kitambaa kizima kitateleza kwenda mbele. Mimi nilimwomba fundi cherehani aunganishe upande wa nyuma ukanda wa sentimita 40 wa kitambaa chochote cha bei rahisi, kwa kuwa nyuma ninakaa mimi na kreti zangu, na hakuna mteja anayeona. Kwa urefu ninanunua mita 3.30, ili pande zote mbili zishuke. Pindo lisiguse ardhi. Liache sentimita tano. Linalogusa hunywa tope wakati wa mvua kama utambi unavyonywa mafuta.

Na kitenge je? Sikukifukuza kabisa. Kipande cha yadi 2, ambacho ni mita 1.83, kinalingana karibu kabisa na urefu wa meza, basi ninakishona kama ukanda wa sentimita 30 unaoning’inia mbele, mahali ambapo hakuna kitu kinachowekwa juu yake. Hapo kinafanya kazi yake ya kumwita mtu kutoka mbali bila kumnyang’anya macho akishafika. Wenzangu wanaouza nguo za rafia za Wakuba kutoka Kasai nimewaona wakizitandika chini ya bidhaa nyingine, na roho inaniuma: kitambaa ambacho wanawake wamekaa wiki nyingi wakikidarizi ni bidhaa, kitundikwe.

Upepo wa Agosti unataka uzito. Vibanio vya ofisini vinashika vizuri, lakini vinaonekana. Nilishona vifuko vidogo ndani ya kona nne za pindo na kutia mabaki ya waya mnene wa shaba, ambayo kwa fundi yeyote wa hapa hayakosekani. Badala ya kukunja kitambaa, ninakiviringisha kwenye lile bomba la karatasi ngumu ambalo wauza nguo hulitupa jora likiisha. Umeme ukikatika alfajiri ya maonyesho, sihitaji pasi.

Kitambaa kipya cha rangi nzito kifuliwe mara mbili kabla ya kutumika. Sikufanya hivyo na kile cha kijivu, na mvua ya Novemba iliponikuta, maji yaliyotiririka yalikuwa kama wino, na vikapu vitatu vyeupe vilivyokuwa chini ya meza vikapata madoa. Niliviuza kwa nusu bei kwa mama mmoja aliyesema anataka vya kuwekea vitunguu.

Vumbi letu jekundu lina chuma ndani yake, kwa hiyo usilikimbilie kwa javeli, ile dawa ya kupaushia nguo, kwani javeli hulikaza doa badala ya kuliondoa. Liache likauke, lipige kwa brashi, loweka katika maji baridi, kisha ndipo sabuni. Doa likibaki, limau na chumvi husaidia, lakini fanya hivyo nyumbani, na kwenye amerikani peke yake, kwa kuwa limau huweza kufifisha rangi nzito. Limau lisifike mezani kabisa: wapo wanaoing’arisha shaba yao kwa limau mbele ya wateja, na tone moja likiangukia malakiti huondoa mng’ao wake palepale.

Pindo la kitambaa changu limeshinda brashi na sabuni. Mwezi uliopita fundi alilikata, akashona mahali pake utepe wa sentimita kumi wa rangi ya udongo wetu, na sasa nikitoka uwanjani jioni sioni tofauti kati ya asubuhi na jioni.