Programu huria si programu za bure

Msomaji mmoja wa mtaa wa Umoja, hapa Nairobi, ameniandikia: "Shikamoo Mwalimu. Sisi vijana wa mtaa tunaandaa siku ya kuwaonyesha watu Linux na LibreOffice, watu wa kawaida tu, wenye maduka, walimu, kina mama wa chama. Kwa postaa tuandike programu huru, programu huria, programu za chanzo wazi ama programu za bure? Kwa grupu kila mtu ana lake na tunakaribia kukosana."

Marahaba. Kwa asiyezijua, Linux ni mfumo wa kuendesha kompyuta, kama Windows, na LibreOffice ni ya kuandika barua na kupiga hesabu, kama Microsoft Office. Andikeni programu huria. Ningeishia hapo lakini hilo neno la mwisho, bure, limenikaa kooni miaka mingi na leo lazima nilitoe.

Hebu sikiliza vile sisi wenyewe tunalitumia hapa Nairobi. Ukitaka kumtusi mtu unamwambia "wewe ni bure kabisa". Timu ikichapwa, bure kabisa. Umezunguka siku nzima hujapata kitu, kazi bure. Kelele za bure, maneno ya bure, amepigwa bure hajakosea mtu. Yaani neno moja limebeba kutolipa, kukosa sababu na kukosa faida, yote matatu, na haliwezi kuingia mahali likaacha mawili nje ya mlango. Sasa wewe unachukua kazi ambayo watu wameitoa jasho miaka na miaka halafu unaibandika neno hilo kifuani ndio umuuzie mama mboga, kweli?

Nimeliona kwa macho yangu. Nilikuwa kwa duka moja la kompyuta pale Luthuli, mbele yangu kuna mama, mwalimu wa nasari, amenunua laptopu ya mtumba na ameihesabia pesa pale kaunta noti moja moja. Fundi akamwambia kwa roho safi kabisa, "Madam, nimekuwekea LibreOffice, hiyo ni ya bure." Uso wa mama ukabadilika papo hapo. "Bure aje na mimi nimelipa? Niwekee ile original." Fundi hakubishana, akachomoa flashi kwa droo, akatoa LibreOffice na kuweka ile nyingine iliyovunjwa kufuli, ya wizi, ambayo hata fundi mwenyewe hajui ndani yake kuna nini, na mama akaenda zake ametulia akijua sasa amepata original. Programu halali imetolewa, ya wizi imewekwa, na kilichofanya hivyo ni neno moja tu la herufi nne. Niliumia sana siku hiyo, na bado naumia nikikumbuka.

Na kinachonikasirisha zaidi ni kwamba shida hii haikuwa yetu. Ni ya Kiingereza. Richard Stallman, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, alipotangaza GNU, mradi wake wa kuunda programu za aina hii, mwaka 1983 alizungumzia uhuru, kwamba mwenye programu aitumie kwa kazi yoyote, aifungue aone inavyofanya kazi, aibadilishe, amgawie mwenzake nakala. Lakini neno lao "free" ni huru na ni bure kwa pamoja, kwa hivyo tangu hapo amekuwa akieleza kila mahali kwamba hazungumzii bei, mpaka 1998 wenzake wengine wakaona heri watafute jina lingine, ndio hilo la chanzo wazi likazaliwa. Sisi tulikuwa na maneno mawili tangu zamani! Huru na huria yametoka kwa Kiarabu, shina moja, na bure iko kando yake. Mkenya yeyote anaelewa ukisema uhuru haukuja bure, hakuna anayechanganyikiwa. Sasa mbona tukaazima ugonjwa ambao kwetu haukuwepo?

Angalia Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, wanafunzi wanalipa ada. Angalia soko huria tulilozungumziwa miaka ya 1990, kuna siku ulitoka sokoni na unga bila kulipa? Huria ni mlango usiofungiwa mtu, bei ni habari nyingine. Ndiyo maana IBM mwaka 2019 walilipa takriban dola bilioni 34 kununua Red Hat, kampuni iliyokua kwa kazi ya Linux. Hiyo nayo utaiita ya bure?

Huru peke yake siipingi sana, ila naiachia mtu na nchi, yule asiye chini ya mwingine. Chanzo wazi nawaachia mainjinia wakiwa kwao, wanajua wanamaanisha yale maandishi ambayo programu inaundwa nayo. Kwa kina mama wa chama chanzo ni cha mto, cha moto, cha ugomvi wa jirani, ukiwaambia chanzo kiko wazi watakuuliza nani alianza.

Na msidhani mnawaletea watu kitu kigeni. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mradi wa Kilinux, walishaiweka OpenOffice, ile ambayo LibreOffice ilitoka kwayo, kwa Kiswahili mwaka 2004 wakaiita Jambo. Na kila mwenye simu ya Android atakayepita kwa meza yenu, ndani kabisa ya hiyo simu inayofanya kazi ni Linux, mwambieni ashike simu yake mwenyewe kwanza kabla hamjamfungulia laptopu.

Kwa postaa basi, juu kabisa, herufi kubwa: PROGRAMU HURIA. Chini yake: tumia, fungua, badilisha, gawia jirani. Na kama lazima mtaje bei, wekeni mstari wake peke yake kule chini, "hakuna malipo". Mkimaliza nitumieni picha kabla hamjachapisha.