Deni la dagaa lilivyogeuzwa wizi

Nililala mahabusu siku mbili kwa ajili ya magunia 14 ya dagaa ambayo hayakuibwa na mtu. Nilikabidhiwa mchana kweupe pale soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, mali kauli, wapagazi wakinicheka ninavyobishania uzito. Nikiuza, namlipa mwenye mzigo. Mvua ikaniharibia magunia sita, dagaa wakaota ukungu wakaishia kuwa chakula cha kuku, na bei yake kila mwenye biashara hii anaijua. Nikachelewa kulipa. Hilo silikatai, deni lilikuwa langu.

Jamaa mwenye mzigo, badala ya kuendelea kunidai, akaenda polisi, akafungua RB (taarifa ya polisi) kwamba nimevunja stoo yake usiku. Usiku wenyewe alioutaja mimi nilikuwa Nansio, kisiwani Ukerewe, kwenye msiba wa shangazi.

Ukibambikiwa kesi, mdomo ndio unaowaka kwanza. Wangu uliwaka. Pale kaunta ya kituo nilisema maneno mengi, mengine hayakuhusu kabisa, mpaka mdogo wake mume wangu akaninong'oneza: "Shemeji, nyamaza. Tuulize dhamana." Dhamana hailipiwi. Aliyenidhamini alikuja na kitambulisho na barua ya mtendaji wa mtaa, basi. Na maelezo yako usiyasaini kabla hujasomewa. Yangu yaliandikwa "nilichukua mzigo", nikaomba iongezwe "kwa makubaliano ya kulipa baadaye". Askari alikunja uso, lakini aliongeza.

Kilichoniokoa ni vitu viwili vidogo. Kipande cha tiketi ya meli, kilichojikunja ndani ya pochi pamoja na risiti ya ushuru. Na meseji: "Dada ule mzigo wa gunia 14 utanilipa lini? Nina marejesho kesho." Aliituma siku tisa baada ya usiku ninaodaiwa kuvunja stoo. Nani anamdai mwizi wake kwa upole hivyo? Hakimu wa mahakama ya mwanzo aliisoma kwa sauti, akairudia, kisha akamtazama mlalamikaji juu ya miwani. Nikaachiwa huru. Kwa hiyo usifute meseji, hata za mtu unayemchukia.

Nilitoka nikijua kesho yake ataingia ndani yeye. Msaidizi wa kisheria niliyemfuata (hawa wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na huduma yao ni bure) alinipoza. Kushinda kesi, alisema, hakumfanyi aliyekushtaki kuwa mwongo mbele ya sheria. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inasema ni kosa kumpa mtumishi wa umma taarifa unayojua ni ya uongo ili atumie mamlaka yake kumuumiza mwenzako. Mzigo wote uko kwenye neno "unayojua". Aliyeibiwa mashine ya boti akamtaja mlinzi wa zamu kwa sababu kweli anamshuku, hana kosa, hata mlinzi akija kuonekana msafi. Na hivyo ndivyo inavyotakiwa, la sivyo nani angethubutu kuripoti wizi huku mwaloni? Wakipanga wawili kumsingizia mtu jinai, kule kupanga ni kosa peke yake. Akidanganya chini ya kiapo, kifungo kinaweza kufika miaka 7. Ila kumshtaki ni kazi ya Jamhuri; wewe unapeleka malalamiko na vielelezo vyako, unasubiri.

Njia ya pili ni ya madai, kudai fidia kwa kushtakiwa kwa hila. Hapo unathibitisha mambo matano kwa pamoja: kwamba ni yeye aliyesababisha ushtakiwe, kesi iliisha kwa upande wako, hakuwa na sababu ya msingi, alikuwa na nia mbaya, na umepata hasara. Ukikosa moja, umekosa yote. Muda wa kufungua madai hayo ni miaka 3. Omba nakala ya hukumu mapema, na uisome imeandikwa nini, maana kesi iliyoondolewa tu na upande wa mashtaka inaweza kurudishwa. Si sawa na kuachiwa huru baada ya ushahidi kusikilizwa.

Nikiri upumbavu wangu mmoja. Usiku nilipotoka mahabusu nilishaandika ujumbe mrefu kwenye grupu la wafanyabiashara, nikimwita jamaa tapeli na mchawi na mengine ya kunogesha. Shemeji akaninyang'anya simu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaweka kwa anayesambaza jambo analojua ni uongo, kwa nia ya kumchafua mtu, faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Utapeli ningeweza kubishana nao. Uchawi ningeuthibitisha na nini?

Mwisho sikufungua madai. Nilimwandikia barua ya kudai fidia, nikaambatanisha hukumu na picha ya ile meseji. Ndani ya wiki alikuja nyumbani na wazee wawili na kuku wa kienyeji. Tulikaa mpaka jioni: deni langu likakatwa kwa siku zangu mbili za mahabusu na nauli za mahakamani, kilichobaki nikamlipa palepale mbele ya wazee.

Bado anaanika dagaa vichanja vitatu kutoka kwangu. Asubuhi ananiambia mwangaluka, namwitikia. Mali kauli bado nachukua, hata kwake, ila siku hizi natembea na kauntabuku: idadi ya magunia, tarehe ya kulipa, sahihi yake na yangu. Kurasa zimelowa mafuta ya dagaa, lakini zinasomeka.