Kabla hujasimulia habari zako: kwa mhudumu rika mpya

Ndugu yangu uliyeajiriwa juzi, karibu kazini. Ulivaa gwanda, ukaugua akili, ukalazwa, ukainuka, ukasomea cheti, na sasa kitambulisho shingoni kinasema wewe ni mhudumu rika, yaani aliyepitia ugonjwa na sasa anawasaidia wenzake, katika Idara ya Maveterani ya Marekani. Ugonjwa ule ule ambao kwetu tungewaficha hata majirani ndio uliokupa ajira. Mimi mpaka leo huwa nacheka nikilifikiria jambo hili.

Niliingia jeshini kupitia MAVNI, ule mpango ulioanza 2009 wa kuandikisha wageni wenye lugha zinazotakiwa, Kiswahili kikiwemo. Nilitoka na bipola, ugonjwa wa akili unaokupandisha juu kupita kiasi kisha ukakuangusha. Mama, kwa simu kutoka Kilifi, alisema ni jicho la watu. Sikubishana naye, nilikuwa nimechoka. Sasa ni miaka sita naongoza vikundi vya mafunzo ya stadi za kuongea na kuishi na watu kwa maveterani wenye skizofrenia (ugonjwa unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo), bipola na magonjwa mengine makali ya akili, katika kituo kimoja huku Texas, na nataka nikuepushe na kosa nililoanza nalo.

Kikao changu cha kwanza nilikiharibu kwa mdomo. Somo la siku lilikuwa namna ya kumwomba mtu jambo. Nikasema nianze na yaliyonipata mimi, ili watu wafunguke. Nikasimulia nilivyokaa siku tano bila kulala, nilivyonunua magari mawili kwa wiki moja, nilivyoletwa hospitali na polisi. Dakika arubaini. Watu wanatikisa vichwa, mmoja anafuta machozi, nami nimevimba kama andazi. Mlangoni mzee mmoja wa vita vya Vietnam akanishika bega: "Umesimulia vizuri, kijana. Lakini mimi nilikuja kujifunza kumpigia simu daktari." Mkono alioniwekea begani ulikuwa unatetemeka. Alikuwa ameongezewa lithiamu, dawa ya bipola inayoweza kutetemesha mikono, na alikuwa na wiki tatu akishindwa kuinua simu kuwaambia kliniki.

Hapo ndipo nilipoelewa. Habari zako zinakufungulia mlango, basi. Ukishaingia, kazi yako ni kumfanya mwenzio atende. Siku hizi habari zangu nazipa dakika mbili, na lazima zihusu stadi ya siku hiyo. Kama tunafunza kuomba, nawaambia siku niliyoshindwa kumwomba bosi ruhusa ya kwenda kliniki, nikafukuzwa kazi kwa utoro. Polisi na magari nimeyaacha nyumbani.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Stadi inavunjwa hatua tatu au nne, zinaandikwa ubaoni kwa herufi kubwa. Kuomba jambo: mtazame mtu, sema hasa unachotaka, mwambie utajisikiaje akikutimizia. Wewe na mwenzako mnaigiza kwanza, dakika moja tu. Unawauliza wanakikundi, hatua gani mmeziona? Kisha anasimama mmoja wao, anaigiza jambo la maisha yake mwenyewe. Wenzake wanamsifu kwa kitu walichokiona kwa macho, "sauti yako ilisikika mpaka nyuma", maana "vizuri sana" haimfundishi mtu kitu. Halafu unampa rekebisho moja. Moja tu, hata kama umeona saba. Kisha anarudia.

Anarudia! Hapa ndipo wageni wengi wa kazi hii wanapoteleza. Mtu akishaigiza mara moja na makofi yamepigwa, mwalimu anaona haya kumrudisha tena, au saa inambana, anasogea kwa mwingine. Mara ya kwanza ni woga, ya pili ndipo stadi inapoanza kuingia mwilini. Wewe ulikuwa askari, unajua ulifungua na kufunga bunduki mara ngapi kabla mikono haijaifanya gizani. Waambie hivyo, watakuelewa kuliko wangemwelewa mwanasaikolojia yeyote.

Usidanganywe na nyuso. Skizofrenia inakula umakini na kumbukumbu, na inaweza kuugandisha uso mpaka ukadhani mtu anakudharau. Nilikuwa na mmoja aliyekaa miezi miwili kama sanamu pale dirishani, nikawa nimeshamkatia tamaa. Siku moja tulipouliza nani alifanya zoezi la nyumbani, akatoa karatasi mfukoni iliyokunjwa mara nne, ameandika mazungumzo yake na dada yake neno kwa neno.

Kuna hatua moja itakusumbua wewe zaidi kuliko wao: kumtazama mtu machoni. Sisi tumelelewa kuinamisha macho mbele ya mkubwa. Mimi ilinibidi nifanye mazoezi kwenye kioo ili nimfundishe mzee wa miaka sabini na tano kunikazia macho, na kila nilipofanya nilisikia bibi yangu akinikemea. Lakini kumbe aibu yangu ilikuwa na faida. Mtu anayehisi kwamba dunia nzima inamfuatilia huona jicho la mwenzake kama tochi ya upelelezi. Kwa hiyo tunawafundisha ujanja: tazama paji la uso au pua. Aliye mbele yako hatagundua. Jaribu leo na mkeo au mumeo.

Na neno "pole" utalikosa sana. Kiingereza hakina neno la kumpa mtu aliyepatwa ambalo halikutwishi kosa. Nilikuwa nikilitoa lenyewe, kwa Kiswahili, nikawaeleza maana yake. Sasa kikundi kizima kinasema pole, hata mtu akimwaga kahawa.

Wapo watakaokutazama kama mgonjwa aliyepewa funguo. Mtaalamu mmoja aliniuliza mbele ya timu kama nimemeza dawa asubuhi ile, kwa sababu tu nilipinga mpango wake. Nilitumia stadi yangu mwenyewe: nilimwambia hasa alichosema, kilivyoniumiza, na ninachoomba safari nyingine. Sauti ilitetemeka, lakini hatua zote zilitimia. Ukikutana naye wa kwako, kumbuka hukuletwa kwa hisani. Maveterani wa Vietnam walikaa wenyewe kwa wenyewe New York tangu 1970 kwa kuwa hawakuziamini hospitali, Bunge likaidhinisha vituo vyao vya ushauri mwaka 1979, na Agosti 2012 Obama akaagiza idara iajiri wahudumu rika 800 hadi mwisho wa 2013. Kiti unachokalia kina historia.

Siri nazo uziseme mapema. Siku ya kwanza mwambie kila mtu: habari zako nitazitunza, ila ukiniambia unataka kujiua au kumdhuru mtu, sitabaki nayo peke yangu. Na usiogope kuuliza kama nyumbani kuna bunduki na inawekwa wapi. Zaidi ya theluthi mbili ya maveterani wa Marekani wanaojiua hutumia bunduki. Namba ya dharura, 988 kisha bonyeza 1, iwe kwenye simu ya kila mtu kabla hajaondoka. Wasiisome ubaoni tu, waiingize mkiwa pamoja.

Fedha usikopeshe. Maandishi ya faili yaandike ukijua mwenyewe atayasoma mtandaoni, maana anaweza. Niliwahi kuandika "alikataa kushiriki" juu ya mtu ambaye siku ile sauti kichwani zilikuwa zinamfokea kupita mimi. Aliyasoma. Siku hizi naandika nilichokiona: alikaa saa nzima, alisikiliza, hakuigiza.

Yule mzee wa lithiamu tulimfanyia zoezi wiki iliyofuata. Tulichukua simu mbovu ya mezani, mimi nikawa karani wa kliniki, yeye akapiga. Mara tatu. Alhamisi akapiga kweli, nami nilikuwa nimejiandaa kwa shangwe.

"Ilikuwaje, mzee?"

"Wakaniambia nisubiri, wakaniwekea muziki. Nikakata."

Hilo la kusubiri hatukulifanyia zoezi. Basi Jumatatu nikakaa upande wa pili wa meza na ile simu mbovu, nikamwambia subiri kidogo, nikaanza kuimba wimbo wa kliniki kwa pua, dakika nne kwa saa ya ukutani, wenzake wakivunjika mbavu, naye ameishika simu sikioni kwa mikono miwili.