Programu-jalizi 41 na Aibu Moja

Juma lililopita msomaji mmoja aliniandikia kuniomba orodha ya programu-jalizi, yaani nyongeza, ninazotumia katika Vim, kihariri cha kuandikia msimbo, kwa kuwa anataka kihariri chake kifanane na cha mtu aliyebobea. Nilicheka peke yangu, kisha nikaacha kucheka, maana miaka michache iliyopita ningelijibu swali hilo kwa madaha: nilikuwa nazo 41, na kila aliyeketi karibu nami nilimwonyesha rangi na vialama vyake kama mtu anayetembeza wageni katika nyumba mpya.

Madaha hayo yaliishia mbele ya seva ya mteja. Huduma ilikuwa imekwama, seva yenyewe haikuruhusiwa kufikia intaneti, na Vim iliyokuwamo ilikuwa tupu. Nilibonyeza kitufe cha nafasi ili nianze kutafuta faili kama nilivyozoea. Kishale kikasogea herufi moja kulia, basi. Nikabonyeza tena, kikasogea tena. Mwenzangu, aliyekuwa mdogo wangu kwa umri na kwa cheo, alisubiri kwa adabu, kisha akaomba kibodi, akaandika `:set path+=**` ili Vim itafute hata ndani ya folda zote za chini, akafuatisha `:find` na herufi tatu za mwanzo wa jina la faili, akabonyeza Tab, na faili likafunguka. Hakusema neno. Afadhali angesema.

Usiku ule niliifungua Vim kwa amri ya `vim --clean`, ambayo huiwasha bila mipangilio wala nyongeza za mtumiaji, nikaanza kusoma mwongozo ambao, nakiri, nilikuwa nimeupuuza kwa miaka yote niliyojiita mtaalamu. Nilikuta kwamba nilikuwa nimesakinisha programu-jalizi mbili za kukamilisha maneno, ilhali Ctrl-N hukamilisha neno lililokwisha kuandikwa, Ctrl-X Ctrl-F hukamilisha njia ya faili, na Ctrl-X Ctrl-L hurudisha mstari mzima. Nilikuwa na nyingine ya kubadilisha neno katika mafaili mengi; kazi hiyo hufanywa na `:vimgrep`, inayotafuta, ikifuatwa na `:cfdo`, inayotekeleza amri katika kila faili lililopatikana.

Lililoniuma zaidi ni lile la kutengua. Mwezi huohuo nilikuwa nimeandika msimbo kwa muda mrefu, nikabonyeza `u`, inayotengua badiliko la mwisho, mara nyingi ili nitazame hali ya awali, na kabla sijarudi mbele kidole kikagusa `x`, inayofuta herufi moja. Katika vihariri vingi hapo kazi imekwenda, kwa sababu badiliko jipya hufuta njia ya kurudi. Vim, tangu toleo la 7 la mwaka 2006, huyahifadhi matawi yote ya historia ya faili. Nilibonyeza `g-`, inayorudi kwenye hali iliyotangulia kwa wakati hata kama iko kwenye tawi jingine, mara moja, na kila nilichoandika kikarejea. Anayetaka kwenda kwa saa huandika `:earlier 10m` akarudi dakika kumi nyuma. Mimi nilikuwa na programu-jalizi ya kuichora historia hiyo kwa matawi ya kupendeza, nikiamini kwamba ndiyo iliyoyaunda.

Kwa hiyo nawaambia ndugu zangu mnaokusanya nyongeza kama nilivyokusanya mimi: kabla hujasakinisha kitu, andika `:help` na jina la unachokitafuta, ukasome hadi mwisho. Usiniambie huna muda, kwani muda wa kuchagua mandhari ya rangi unao. Kila programu-jalizi ni msimbo wa mtu mwingine, ambaye kesho anaweza kuubadilisha au kuutelekeza, na siku hiyo utakayekwama ni wewe. Soma kwanza, ukikosa, ndipo usakinishe. Sisemi nyongeza zote ni upuuzi, kwani hata mimi nimebakiwa na mbili, na kila moja naweza kueleza inafanya nini ambacho Vim yenyewe haikifanyi. Wangapi kati yenu wanaweza kusema hivyo?

Msomaji yule nilimjibu kwa mstari mmoja tu: afungue `vim --clean`, aitumie kwa juma zima, kisha aniandikie alichokikosa. Hadi leo hajaniandikia.