Simu Iache Nje: Kwa Kijana Anayetaka Kusomea Rangi za Mimea

Nikiwa mwaka wa pili wa shahada ya uzamili niliharibu kazi ya siku sita kwa sababu mama alinipigia simu.

Nilikuwa kwenye chumba cha giza cha maabara. Kulikuwa na trei nne za miche ya mahindi ambayo haijaona mwanga tangu ilipochipua, mirefu, imepauka, ina rangi ya ugali wa muhogo. Taa iliyokuwa ikiwaka ni kitaa cha kijani hafifu tu. Simu ikatetema mfukoni, nikaitoa ili niizime. Kioo kikawaka sekunde mbili tatu, usawa wa trei ya kwanza. Nikaizima, nikarudi kwenye kazi, nikavuna na kusaga miche ndani ya naitrojeni ya kimiminika kana kwamba hakuna kilichotokea. Daftarini sikuandika kitu. Ningeandika nini? Kwamba mama amepiga?

Majibu yalipotoka, sampuli za giza hazikuwa za giza. Nikahangaika wiki nzima nikilaumu kemikali, maji, hata mizani. Siku nilipokumbuka ile simu, nilikaa chini.

Naandika haya kwa sababu kila mwaka wanafunzi wangu hapa Tabora huniuliza wafanye nini ili waingie kwenye utafiti wa protini za mimea na vimeng'enya, yaani zile protini zinazoharakisha kazi za kikemia ndani ya seli. Wanategemea nitaje vyuo na ufaulu wa kemia. Hivyo vina nafasi yake. Mimi huanza na kingine: jifunze kuhesabu mwanga kama unavyohesabu dawa. Gramu ngapi, mililita ngapi, mwanga kiasi gani, wa rangi gani, kwa muda gani. Vyote viingie daftarini.

Chukua hilo hindi. Likichipua gizani linapita hatua za kutengeneza klorofili, ile rangi ya kijani ya majani, hadi hatua ya mwisho kasoro moja, kisha linasimama. Kinachokusanyika kinaitwa protoklorofilidi, na kimeng'enya cha kukigeuza kipo palepale, kimeshakishika. Kinachokosekana ni mwanga wenyewe. Vimeng'enya vingi unaviwekea joto na chumvi sahihi, vinafanya kazi. Hiki, hata ukipe kila kitu, gizani hakigeuzi chochote. Mwanga ukimulika mara moja tu, kazi imefanyika kabla hujapepesa jicho. Vimeng'enya vyenye tabia hii vinahesabika kwa vidole. Misindano ina kimeng'enya kingine cha kazi hiyohiyo kisichohitaji mwanga, ndiyo maana miche yake mingi huwa kijani hata gizani. Mahindi, maharage na tumbaku havina bahati hiyo.

Sasa weka juu yake fitokromu, protini ambayo mmea unaitumia kujua kama kumekucha. Hii ina maumbo mawili. Mwanga mwekundu, wenye urefu wa wimbi karibu nanomita 660, unaipeleka kwenye umbo la kufanya kazi. Wekundu wa mbali, ule wa ukingoni ambao jicho linauona kwa shida, karibu 730, unairudisha. Mwaka 1952 watafiti wa kituo cha kilimo cha Beltsville, Marekani, walizimulikia mbegu za saladi mwanga mwekundu, wa mbali, mwekundu, wa mbali, mara nyingi, wakakuta kinachoamua ni ule wa mwisho. Ukimalizia na mwekundu, mbegu zinaota. Ukimalizia na wa mbali, zinalala. Pita chini ya miembe yetu mikubwa ya hapa mjini uone palivyo peupe. Kivuli kina sababu zaidi ya moja, lakini mojawapo ni hii: majani ya juu hula mwekundu na kuacha wa mbali upite, na kwa mbegu ndogo iliyo chini huo ni ujumbe kwamba juu kumejaa.

Na wala haihitaji mwanga mwingi. Kuna mwitikio wa fitokromu unaowashwa na mwanga mdogo kuliko unaotolewa na kimulimuli mara moja. Kwa hiyo hata ile taa yetu ya kijani ni ya kuazima tu. Tunaitumia kwa kuwa macho yetu yanaona kijani vizuri kuliko rangi nyingine na fitokromu inaufyonza kidogo. Kidogo, sijasema haifyonzi. Usikae humo unapiga soga.

Somo hili, nikifikiri vizuri, nilipewa kabla ya chuo, nikakataa kulielewa. Baba yangu alilima tumbaku ya mvuke Urambo. Nilikuwa na miaka kumi na minne siku aliponiachia bani, nyumba ya kukaushia tumbaku kwa joto la kuni, usiku niangalie moto. Majani yalikuwa na siku moja tu ndani, bado yanageuka njano, na hapo joto linatakiwa kubaki chini, kama nyuzi 35 au zaidi kidogo. Mimi nilikuwa na usingizi. Nikajaza kuni ili nilale. Asubuhi tukafungua, majani makavu, ya kijani, yanavunjika kama karatasi. Baba akachukua moja, akaligeuza mkononi, akasema, "Jani limekufa kabla halijaiva." Kwenye madaraja tulipewa bei ambayo hadi leo haisemwi nyumbani.

Nilidhani ni msemo wa mkulima. Miaka kumi baadaye nikakuta ndivyo ilivyo kwa kila neno. Kugeuka njano ni kazi ya jani hai: vimeng'enya vinabomoa klorofili hatua kwa hatua, na njano iliyokuwemo muda wote, ya karotenoidi, inabaki peke yake. Ukipandisha joto haraka unaviua vimeng'enya kazini na kijani kinabaki palepale. Mnaosoma kidato cha nne mnazijua njegere za Mendel, za njano na za kijani. Zile za kijani zina kasoro kwenye jeni inayohusika na ubomoaji huohuo. Hilo lilionyeshwa mwaka 2007, na mwaka 2016 ikajulikana kwamba protini yake ndiyo inayong'oa magnesi katikati ya klorofili. Bani letu la usiku ule lilikuwa njegere za Mendel kwa njia ya kuni. (Kuhusu kuni zenyewe na miombo iliyokwisha kwa ajili ya mabani, nina maneno mengi, lakini si ya leo.)

Tumbaku ina heshima yake pia katika habari za mwanga. Mwaka 1920 Garner na Allard, watafiti wa kilimo wa Marekani, walichapisha kazi iliyohusu, pamoja na mimea mingine, tumbaku ya aina ya Maryland Mammoth, iliyokuwa ikirefuka kiangazi kizima bila kutoa ua. Waliifungia kwenye kibanda cha giza alasiri ili siku iwe fupi, ikachanua. Hawakuwa na mashine ya maana. Walikuwa na kibanda, saa, na watu waliofungua na kufunga mlango kwa wakati.

Ndiyo maana nawaambia msisubiri maabara. Loweka maharage na mahindi usiku mmoja, panda kwenye mchanga ndani ya ndoo yenye mfuniko, funika na blanketi jeusi, weka mbali na mlango siku tano au sita. Fungua usiku, si mchana. Utakuta maharage yamepinda shingo kama ndoano, majani yamefumba. Toa nusu, weka kwenye mwanga wa kivuli, tazama kila saa, andika. Nusu nyingine iache. Ukiweza kunieleza kwa nini ile nusu nyingine ni ya lazima, umeshaanza kazi.

Mkifika mbele mtakutana na vitu vitamu zaidi. Rangi iliyo ndani ya fitokromu inatengenezwa kutoka kwenye hemu, ndugu wa ile iliyo kwenye damu yenu. Kimeng'enya kimoja kinakata duara la hemu na kutoa biliverdini ya kijani. Kingine kinaimalizia iwe rangi ya fitokromu. Ukijigonga, alama ikageuka kijani baada ya siku kadhaa, unaitazama biliverdini hiyohiyo. Mara ya kwanza nilipoloweka jeli yangu, ile ya kutenganishia protini, kwenye maji ya zinki na kuiweka juu ya taa ya urujuanimno, mstari mmoja ukang'aa rangi ya machungwa, hiyo ndiyo protini iliyobeba rangi yake. Nilimwita mlinzi wa zamu aje aone. Alitazama kwa adabu, akaniuliza nitatoka saa ngapi.

Watu watakuuliza unasomea majani utakula nini. Sina jibu zuri. Mimi nilirudi kufundisha na sijafa njaa.

Muhula uliopita nilimpa kila kikundi ndoo yake. Siku ya kufungua, kikundi kimoja maharage yao yalikuwa yamenyooka shingo, majani yamefunguka nusu, yana kijani. Kijana msimamizi wao akaapa hajafungua mfuniko. Nikamwambia, mwanangu, sikuulizi umekosa nini, andika tu. Akainama juu ya daftari muda mrefu, akaficha kwa mkono. Aliponiletea, chini ya tarehe alikuwa ameandika kwa mwandiko mdogo: "Nimechungulia mara nne. Ya nne nilikuwa na tochi."

Nikampa maksi zote.