Mota inanguruma, tairi halizunguki

Kaka, umesema mota ya baiskeli yako ya umeme ya kuegemea (ile unayoendesha ukiwa umeketi na kuegemea nyuma) inatetemeka na kunguruma ukivuta eksileta, lakini ukiisukuma kwanza inaondoka. Usinunue kontrola mpya bado, yaani kile kifaa kinachoongoza umeme unaoenda kwenye mota. Mara nyingi hapo shida ni nyaya za sensa, zile nyembamba 5 zinazoiambia kontrola mota imefika wapi katika kuzunguka. Baiskeli hizi ni ndefu, umeunga nyaya ili zifike kwenye betri nyuma ya kiti. Anzia kwenye maungio hayo. Sisi tunaokaa karibu na bahari hapa Mtwara, chumvi inaotesha kutu ya kijani kwenye soketi hata baiskeli ikiwa imeegeshwa tu.

Washa umeme, pima kwa mita kati ya nyekundu na nyeusi za sensa: iwe karibu volti 5. Ncha moja ibaki kwenye nyeusi, nyingine ipitishe kwenye njano, kijani na bluu za sensa, moja moja, huku mtu akizungusha tairi polepole kwa mkono. Kila waya uruke kati ya volti 0 na karibu 5. Usioruka ndio mbovu, au sensa yake imekufa. Kama mota ina gia ndani, zungusha kinyumenyume, maana ukizungusha kwenda mbele, tairi haliishiki mota.

Na lile bamba la kuzuia ekseli ulilosema hukulifunga, tafadhali lifunge kabla hujapanda tena. Ekseli ikizunguka kwenye uma inasokota na kukata nyaya pale zinapotokea, na huenda ndicho kilichotokea kwako. Ikiwa ni gurudumu la mbele, linaweza kuchomoka ukiwa barabarani.